Mita Kumi na Moja

12 mwezi wa pili 2002, siku ya pili ya juma

Nimeipata parseli yetu, kiwanja chetu! Iko chini ya jiwe, mita mbili kwenda chini, lakini nimeipata, na aliyeipata ni mimi. Si shefu wa avenyi, si wale wataalamu wanaopima joto la lava na vyuma vyao, si bwana wangu. Ni mimi Marcelline, mama Olive, niliyeishia darasa la sita.

Haya, jambo kaye, daftari langu. Furaha ilinisahaulisha salamu.

Nikueleze, maana wewe ni mugeni. Tarehe 17 ya mwezi uliopita mulima ulipasuka. Moto ukapita Munigi, ukaingia muji, ukafunika mutaa wetu wote wa Murara. Tulikimbia na godoro moja, sufuria mbili na makaratasi ya shule ya Olive. Tuliporudi hapakuwa na avenyi, njia yetu na nyumba zake. Lilikuwa jiwe jeusi tupu, linatoa moshi, kama mutu amemwaga pipa la lami toka mulimani mupaka ziwani. Watu walizunguka juu yake, huyu anasema hapa ni kwangu, yule anasema kwako ni pale, na hakuna aliyejua kama amesimama juu ya chumba chake au juu ya choo cha jirani.

Mimi nikatumia kichwa. Sisi tulikuwa katikati. Upande wa mulima alikuwa Bagalwa, ambaye alikimbilia Bukavu na hajarudi. Upande wa ziwa ni Mukabalisa na bwana yake Havugimana. Kwenye kona yao ya chini kulikuwa lori bovu la Havugimana, miaka tisa pale, bila magurudumu, bila motere, kuku wanatagia ndani. Moto uliliunguza lakini haukulimeza: kichwa chake kinaonekana juu ya jiwe. Toka lori mupaka uzio wetu ni hatua kumi na nane. Nilizikanyaga kila siku nikienda kuteka maji. Nikazihesabu tena, nikaweka mawe makubwa kwenye kona ine, nikakaa juu ya moja kama malkia.

Olive aliniuliza kama tuna hakika lori liko pahali pake. Nikamuambia ajifunze kumuheshimu mama yake.

Lakini huyo mutoto, kaye, wacha nikuambie. Yuko ya sita ya sekondari, Math-Physique, hesabu na fizikia. Wasichana wawili tu katika darasa lote, na yule mwingine anachungulia kwa wangu. Nikiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni ninawaambia wateja bila kuulizwa, na wasiponunua ninawaambia tena.

Wewe nilikupata asubuhi hii Kituku, kule tunalala kwa Philomène, rafiki yangu wa kanisa. Eugénie, animatrisi anayetuongoza katika chama cha akina mama, alimugawia kila mumoja kaye na biki ya kuandikia. Akatuambia tuchore duara kama fromaji, jibini ya Masisi, tuikate vipande vinane: mwili, nyumba, kazi, watoto, bwana, majirani, Mungu, na wewe mwenyewe. Kila kipande ukipe pointi, toka sifuri mupaka kumi, uone wapi unaridhika na wapi hauridhiki. Halafu, akasema, unakubali penye uko.

Hilo neno la kukubali lilinipanda kichwani. Nikamuambia kukubali ni kwa watu wenye nyumba. Akasema andika tu, mama, si mutihani. Basi nikaandika. Mwili saba, ni magoti tu yanalia. Nyumba sifuri, na kama kuna kitu chini ya sifuri waniletee. Kazi tano. Watoto kumi. Bwana ine, kwa sababu Kasereka yuko Butembo, na kule wanatawala waasi wengine, wasiopatana na hawa wetu, na barabara katikati yake na mimi imefungwa. Majirani sita. Mungu sikumupa kitu. Nani mimi wa kumusahihisha. Mimi mwenyewe: kumi.

Philomène alichungulia akasema hakuna mutu wa kumi. Nikamuambia aangalie vizuri, amekaa karibu naye.

14 mwezi wa pili, siku ya ine

Mvua. Jiwe likinyeshewa linatoa mvuke, Murara yote inakuwa jiko.

19 mwezi wa pili, siku ya pili

Fundi amesimamisha ukuta wa kwanza. Juu ya lava hauchimbi musingi, hakuna sururu inayoingia. Unapanga mawe, unalaza miti minene juu ya mawe, unasimamisha mbao juu ya miti. Nyumba inakaa pale kama sanduku juu ya meza. Fundi anasema nyumba ya namna hii ukichoka na jirani unaibeba unaondoka nayo. Nilicheka sana. Sakafu inatoa joto toka chini, bure, hata makaa ya kuota moto hatuhitaji. Mulima ulitunyang'anya kila kitu, angalau ulipe hilo.

24 mwezi wa pili, siku ya Mungu

Mukabalisa amerudi toka Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, na bwana yake na watoto watatu. Alikuja moja kwa moja, mutoto mugongoni, hata salamu hakunipa. Alisimama mbele ya mbao zangu.

"Mama Olive, uko unajenga kwangu."

Nikamuonyesha lori. Nikamuonyesha hatua kumi na nane, nikazitembea mbele yake polepole kama mwalimu.

"Lori lilitembea," akasema. "Moto ulilisukuma."

Nilicheka mupaka fundi akashuka kwenye ngazi kuuliza kuna nini. Lori. Bila magurudumu, bila motere, bila shofa. Nikamuuliza kama lilipiga na honi.

Hakucheka. Alisema tumekuwa majirani miaka kumi na ine, mutoto wake wa kwanza nilimushika mimi siku ya ubatizo, na leo nakula udongo wake. Nikamuambia udongo gani, hapa kuna jiwe. Havugimana, ambaye ni mutu wa kimya, anafuga sungura na kuwaongelesha wao tu, alimushika mukono wakaondoka. Mutu anaweza kukaa na jirani miaka yote ile, akamupa chumvi, akamupa moto, na asijue ana macho ya mwizi.

Majirani: mbili. Nilifuta sita kwa nguvu, karatasi ikapasuka.

28 mwezi wa pili, siku ya ine

Tumeingia. Nyumba: saba. Olive amepanga vitabu vyake kwenye dirisha. Anaangalia nje sana.

3 mwezi wa tatu, siku ya Mungu

Toka kanisani nilipanda upande wa Bagalwa kutafuta mawe ya kuzuia bati. Kuna shimo kule, la mviringo, linashuka kupita mukono wangu mupaka begani. Ndani kuna joto. Kuta zake zina mistari kama ganda la muti. Nikaweka kipande cha bati juu na mawe matatu, watoto wa watu wasianguke. Kisha nikapika maharage. Yalikuwa matamu sana.

8 mwezi wa tatu, siku ya tano

Sikukuu ya wanawake. Tuliandamana wote na kitenge kimoja. Mukabalisa alikuwa mustari wa mbele yangu, kitenge kilekile, mushono mubaya.

16 mwezi wa tatu, siku ya posho

Leo, kesho ni ya Mungu, nimeongea na Kasereka kwa foni. Ile radio iko katika chumba kimoja na watu ishirini wanangoja zamu, kila mutu anasikia mambo yako na bwana yako, na kila ukimaliza lazima useme "pokea" kama askari. Nilimueleza yote, nyumba, hatua kumi na nane, Mukabalisa na macho yake. Nikasema pokea. Unajua alijibu nini?

"Na muti wangu wa avoka? Kitu kilibaki? Pokea."

Wiki nane hajanisikia. Hakuuliza magoti yangu. Hakuuliza kama mulima uliniunguza. Aliuliza muti, kwa sababu aliupanda nyuma ya jikoni juma Olive alipozaliwa na alikuwa anaupigia saluti kila asubuhi kama bendera. Nikamuambia muti gani unabaki katika moto, pokea. Watu ishirini wakacheka. Nikarudi nyumbani kwa muguu na hasira, sikusikia hata mvua.

Bwana: mbili.

31 mwezi wa tatu, Pasaka

Kristo amefufuka na Mukabalisa amesimamisha bashe mbele ya mulango wangu. Mita tano. Plastiki ya misaada, miti sita, watoto watatu ndani, sungura wanne. Anasema ni parseli yake na atakaa popote anapotaka juu yake. Shefu wa avenyi alikuja akatazama lori, akatazama nyumba, akakuna kichwa. Alisema makaratasi ya parseli yaliungua pamoja na ofisi, tungoje. Pasaka njema na kwako, shefu.

Kila asubuhi Mukabalisa anatoka ndani ya bashe, anafunga kitenge, anasimama mbele ya nyumba yangu na kuisalimia.

"Jambo nyumba yangu. Ulilala vizuri?"

Kisha anaenda kuteka maji. Ninamumwagia maji ya vyombo nyuma yake, hayamufikii.

Olive hali chakula vizuri. Ninamuambia ni mutihani wa serikali. Anasema ndiyo mama.

11 mwezi wa ine, siku ya ine

Mvua kila siku, saa nane mupaka jioni. Bashe yao inavuja. Nasikia mutoto mudogo anakohoa. Ninajifanya sisikii, na hiyo nayo ni kazi.

Kakule, mudogo wa bwana wangu, alikuja na viatu vinavyong'aa. Siku hizi anatembea na askari wa hawa wanaoshika muji. Anasema ana rafiki mumoja, akiongea naye mara moja tu, bashe inaondoka. Kasha moja ya bia, basi. Nikamuambia hapana. Akasema shemeji, unawaogopa wale?

Sasa hapo ndipo kila mutu wa avenyi anataka kunisaidia. Mama wa pale kona alininong'oneza kwamba wale ni wale, kabila la ng'ambo, munawajua, wanataka inchi yote. Nilimufukuza na ufagio. Ugomvi wangu ni wa parseli. Niko na wa kutosha, musinibebeshe ule wa baba zenu.

18 mwezi wa ine, siku ya ine

Leo Mukabalisa amepigilia misumari ine kwenye ukuta wangu na kutandaza nguo za watoto chini ya bati langu, zikauke. Katika mbao zangu. Nilizitupa kwenye matope. Akaziokota, akazisuuza, akazirudisha. Nikazitupa. Akaokota. Avenyi yote ilitoka kuangalia. Mara ya tatu akasema mbele ya watu kwamba Olive ana akili kwa sababu hakuichukua kwangu, mama yake.

Kaye, huyo mutoto nilimubeba mugongoni nikiuza maharage. Nilifunga tumbo kwa kitambaa ili minervali, pesa ya shule yake, ipatikane. Kila kitu kilichomo katika kile kichwa nilikilipia mimi, kilo kwa kilo.

Nikaenda kwa Kakule. Nikamuambia, mulete.

20 mwezi wa ine, siku ya posho

Wamekuja saa ine asubuhi, watatu. Rafiki ya Kakule hakuniuliza kitu. Hakutazama lori wala mawe yangu. Aliingia kwenye bashe akamutoa Havugimana kwa ukosi wa shati. Havugimana alikuwa na sungura mukononi. Alimuweka chini taratibu kwanza, akamufunikia kapu. Halafu akaenda nao.

Nilisema, nilisikia mudomo wangu unasema, kwamba nilitaka tu waondoe plastiki. Yule askari akanitazama kama mutu anatazama inzi. Akasema, mama, si uliita?

Mukabalisa hakupiga kelele. Nilingoja apige kelele. Alikaa kwenye jiwe mbele ya mulango wangu, mvua ikaja, akakaa. Nilitoka na bakuli la maharage nikaliweka karibu naye. Maharage yalijaa maji ya mvua, yakamwagika yenyewe.

Nilikuwa na hasira naye hata hapo. Andika hivyo, biki. Nilikuwa na hasira kwamba anakaa pale na kunifanya nimuone.

22 mwezi wa ine, siku ya kwanza

Havugimana amerudi. Walimulaza siku mbili, wakamupiga nyayo. Alikuja amebebwa na vijana wawili wa kanisa, miguu imefura kama mikate. Alipitishwa mbele ya mulango wangu kwa sababu hakuna njia ingine, niliziba zote. Akanisalimia. "Jambo, mama Olive," akasema, kama kila siku.

Ni pale Olive aliposimama. Alichukua kamba ya fundi ya kupimia mita, akapanda upande wa Bagalwa. Watu wote waliokuja kuangalia miguu wakamufuata, na mimi nyuma, nikisema rudi, rudi wewe. Akatoa mawe matatu. Akatoa bati.

"Mama, ingiza mukono."

"Niingize mukono kwa nini?"

"Ingiza."

Nikapiga magoti, nikaingiza. Mistari ile. Na chini kidogo, kwenye ukuta wa jiwe, alama ya musumari mukubwa na duara la waya, pale nilipofunga kamba ya kuanikia nguo miaka kumi. Muti wetu wa avoka ulisimama mupaka lava ikauzunguka ikaganda, kisha ukaungua ndani taratibu, ukaacha umbo lake. Bagalwa hakuwahi kuwa na muti. Alikuwa na simenti mupaka mulangoni na alijivunia.

Olive alipima mbele ya watu. Toka muti mupaka jikoni yetu ya zamani, toka jikoni mupaka uzio, toka uzio mupaka pale lori lilipotakiwa kuwa. Kamba ilifika mahali patupu, jiwe tu. Lori lilikuwa mbele zaidi, upande wa ziwa. Akasoma kamba kwa sauti ile anayosomea hesabu.

"Mita kumi na moja. Lilitembea mita kumi na moja. Nyumba yetu iko kwao."

Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema tangu Pasaka. Nikamuuliza, mbele ya watu wote wale, kwa nini hakuniambia.

"Nilikuuliza siku ya kwanza, mama. Uliniambia nikuheshimu."

23 mwezi wa ine, siku ya pili

Watoto: sifuri.

24 mwezi wa ine, siku ya tatu

Sifuri. Mutu unamusomesha ili akupime na kamba mbele ya avenyi.

28 mwezi wa ine, siku ya Mungu

Sikuenda kanisani. Nilikaa na wewe, kaye, nikasoma toka mwanzo, nikitafuta mahali Mukabalisa aliponitendea mubaya, nimuonyeshe Eugénie.

Nikafika tarehe 3 ya mwezi wa tatu.

Ni mwandiko wangu. Nilisema shimo. Nilisema mistari kama ganda la muti. Niliweka bati na mawe matatu, kisha nikaandika maharage matamu. Watoto gani wangeanguka? Hakuna mutoto anayecheza kule, jiwe linakata miguu. Na wiki mbili baadaye bwana wangu ananiuliza muti kwa foni, nami nakasirika mupaka sisikii mvua. Sasa najua nilikasirikia nini.

Nilijua. Sitaki kuandika kwamba nilikosea hatua, nilikosea lori, mulima ulinidanganya. Lori lilinidanganya siku kumi na tisa, toka tarehe 12 mupaka tarehe 3. Baada ya pale ni mimi. Niliupapasa muti wangu mwenyewe na mukono wangu, nikaufunika, halafu nikamuita askari amupige mutu nyayo kwa ajili ya jiwe nililojua si langu.

Mimi mwenyewe: sifuri. Nimeikoleza mara tano.

2 mwezi wa tano, siku ya ine

Mukutano wa chama. Eugénie alizunguka akitazama fromaji zetu. Alipofika kwangu niliweka mukono juu, akautoa. Akasoma sifuri yangu. Nilingoja pole. Nilikuwa nimeandaa na machozi.

"Mama Olive, mwezi wa pili ulikuwa kumi, leo sifuri," akasema. "Hata sifuri yako ina majivuno. Ukikosa kuwa wa kwanza unataka kuwa wa mwisho, mradi watu wakuone."

Philomène alicheka akajifunga mudomo na kitenge. Mimi nilitoka nje. Nilitembea mupaka mwisho wa Kituku, penye wanawake wanaanika sambaza, nikasimama nikiwa na hasira na yule mutoto wa juzi mwenye diploma. Anasema kukubali. Nikubali nini? Kwamba ni mimi niliyefanya? Hilo nimelikubali, ndiyo maana nimejipa sifuri.

Nilifika nyumbani bado nabishana naye. Olive alikuwa anasoma mulangoni, na ng'ambo, ndani ya bashe, mutoto anakohoa, mita tano kutoka kwangu. Ndipo nikaona kwamba mutu mwenye sifuri hana kazi. Anakaa tu na sifuri yake, analia, na nyumba inabaki pale pale kwenye kiwanja cha watu.

Nikamuambia Olive anipe kamba.

5 mwezi wa tano, siku ya Mungu

Nilienda kwa Mukabalisa. Ni hatua saba na ilinichukua toka misa ya kwanza mupaka misa ya pili. Nilipiga magoti kwenye mulango wa bashe, haya magoti yangu, juu ya lava inayokata. Nikasema yote, hata shimo, hata tarehe 3. Nilisema nimekuja kuomba musamaha.

Aliendelea kuchambua maharage. Akaniacha pale muda mrefu, na nilianza kukasirika, nikajiambia nyamaza, Marcelline, leo si siku yako.

"Hapa si kanisani," akasema. "Bwana yangu hawezi kuvaa kiatu. Mutoto anakohoa toka Pasaka. Usiniletee musamaha kama chakula cha wageni. Toa nyumba yako kwangu. Ukishaitoa, tutaona kama tunasalimiana."

Nikasema ndiyo. Nilipokuwa najiinua, kwa shida, nikishika muti wa bashe, akaongeza bila kuinua kichwa:

"Na honi, mama Olive? Umeisikia sasa?"

Ndani Havugimana alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Nilitaka kumujibu. Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Nikayameza yote, na moja lilinikwama.

6 mwezi wa tano, siku ya kwanza

Mutoto wao na mama yake wanalala kwangu toka leo, upande wa dirisha. Hatusemeshani. Sungura pia wamekuja, sikuwaalika.

11 mwezi wa tano, siku ya posho

Fundi anasema inawezekana. Tunatoa bati, tunafunga miti mirefu mine chini ya sakafu, watu arobaini wanaingiza mabega. Aliniambia, si nilikuambia nyumba hizi zinabebeka? Nikamuambia apime miti na anyamaze.

15 mwezi wa tano, siku ya tatu

Kakule alikuja kuuliza kama nina hasira naye. Nikamuambia nina hasira na yeye, nina hasira na rafiki yake, na hizo zote ukiziweka pamoja hazifiki nusu ya ile niliyo nayo na mimi. Halafu nikamupa chakula. Siku ile aje na mabega yake, nikasema, bila viatu vile.

19 mwezi wa tano, siku ya Mungu

Nimechora fromaji mupya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa matundu tupu.

Mwili sita, magoti yamezidi. Nyumba sitaandika mupaka iwe kwake. Bwana tano: nilimuambia kwa foni kwamba muti umebaki, si wenyewe, umbo lake, na yule mwanaume akalia mbele ya watu wa Butembo, akasahau kusema pokea. Majirani nimeacha wazi, hiyo pointi si ya kutolewa na mimi. Watoto kumi. Olive aliona nikiandika, akasema mama, hakuna mutu wa kumi. Nikamuambia mutu aliyesimama mbele ya avenyi yote na mama yake akiwa na hasira hana haja ya kunifundisha hesabu.

Mimi mwenyewe nimeandika tano. Nilikaa na biki juu ya hiyo tano. Ndani yake kuna mwanamuke aliyejenga nyumba juu ya moto kwa siku kumi na sita. Kuna aliyefunika shimo. Kuna aliyesema mulete. Mudomo wake hautapungua, najijua, na hasira yake ataamka nayo kesho. Ni huyo. Sina mwingine wa kupeleka kwenye kazi, basi ataenda huyo.

Nimetangaza kanisani baada ya misa, na kwa akina mama wa chama, na sokoni, na shefu wa avenyi amepiga filimbi. Philomène ataleta sambaza na Eugénie ugali. Mabega arobaini, kama ni hamsini vizuri zaidi. Tutapanda na nyumba mita kumi na moja upande wa mulima, na kizingiti cha jikoni kitakaa karibu na shimo la avoka. Mukabalisa amesema atasimama kuiaga nyumba yake. Havugimana hawezi kubeba, kwa hiyo atakaa juu ya lori na kutuhesabia mita kwa sauti, na nimemuambia asituibie hata moja.

Wote waje siku ya posho, tarehe 25, saa mbili asubuhi, kabla mvua haijashuka.